Kabla hujaamini picha ya mawimbi kwenye kompyuta yako

Shangazi yangu wa Mji wa Kale, Mombasa, alilalamika kwamba Wi-Fi ya sebuleni haifiki chumba cha nyuma. Nyumba yake ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene haswa. Sikutaka kumpa jibu la kukisia, nikakaa kuandika programu ya kutatua milinganyo ya Maxwell, ile inayoeleza jinsi mawimbi ya umeme na sumaku, kama ya Wi-Fi, yanavyosafiri.

Nilifuata njia ya Kane Yee ya mwaka 1966: nafasi inagawanywa vijisanduku, uga wa umeme na uga wa sumaku vinapishana kwa nusu kijisanduku, na vinakokotolewa kwa zamu. Mara ya kwanza namba zilipaa hadi skrini ikawa nyeupe tupu. Vijisanduku vilikuwa vya sentimita 1, nami nilikuwa nimeweka hatua ya muda, yaani muda kati ya hesabu moja na inayofuata, ya pikosekunde 30 (pikosekunde ni sekunde moja igawanywe mara trilioni). Kwa vijisanduku hivyo, katika nafasi ya pande mbili (2D), hatua hiyo haifai kuzidi 23 na kitu. Sharti hilo la wanahisabati Courant na wenzake, la mwaka 1928, halina huruma: ukilivuka, namba hulipuka.

Kosa la pili ndilo ninalokuonya zaidi, kwa kuwa halipigi kelele. Wimbi la gigahezi 2.4 hewani lina urefu wa sentimita 12.5, kwa hiyo nilikuwa na vijisanduku 12 kwa kila wimbi. Nikaridhika. Lakini ndani ya ukuta wimbi hufupika! Kwa permitiviti 4 (namba inayoonyesha jinsi kitu kinavyopunguza kasi ya wimbi; hewa ni kama 1) linabaki nusu, na vijisanduku 6 ni vichache mno. Picha ilitoka laini, ya kupendeza, na ilikuwa ya uongo. Pimia wimbi lilivyo ndani ya jiwe, usishuke chini ya vijisanduku 10 kwa kila wimbi. Nilikwenda milimita 5, na hatua ya muda nikaipunguza hadi pikosekunde 11.

Kingo za eneo unalolikokotoa nazo usizisahau, kwa kuwa wimbi likizifikia hurudi ndani na kuchafua picha. Mawimbi ya bahari yakipiga mwamba hurudi; yakipanda mchanga wa Nyali hufia pale. Tabaka la kunyonya mawimbi la Bérenger, la mwaka 1994, ukilizungushia kingoni, ndilo mchanga wako.

Halafu jaribu kitu ambacho jibu lake unalijua. Katika mstari mmoja tu (1D), wimbi litoke hewani liingie kwenye permitiviti 4: uga wa umeme unaorudi uwe theluthi moja ya ulioingia, tena umepinduka. Yangu ya kwanza ilirudisha karibu nusu, na nilitumia jioni mbili kulitafuta kosa kwenye mstari mmoja wa programu, pale mpakani mwa hewa na jiwe.

Theluthi ilipotimia ndipo nilipompigia shangazi, nikamwambia ruta aihamishie mkabala na mlango.