Matundu Yamelingana, Mbona Tairi Linasugua?

SWALI: Shikamoo, mtaalamu. Ninaishi Nachingwea. Baada ya kuuza korosho nilinunua rimu za spoti zilizoandikwa 17x7J ET20 na kuzifunga kwenye Toyota yangu ndogo, ambayo rimu zake za awali zimeandikwa 15x6J ET45. Matundu manne yalilingana vizuri, lakini nikipakia abiria, matairi ya nyuma yanasugua fenda. Fundi wa hapa ananishauri niongeze spesa, yaani vipande vya kuweka kati ya rimu na habu, za milimita 15. Je, zitasaidia?

JIBU: Marahaba. Hazitasaidia hata kidogo. Zitaongeza msuguano huo huo unaoulalamikia, na aliyekushauri hivyo hakupima chochote kabla ya kufungua mdomo.

Namba inayofuata herufi ET ndiyo ofseti, yaani umbali kwa milimita kati ya mstari wa katikati wa upana wa rimu na uso wake unaokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gari kinachofungiwa gurudumu. Kadiri namba hiyo inavyokuwa kubwa, ndivyo rimu inavyoingia ndani ya gari. Ikipungua, rimu inatoka nje. Wengi hudhani ni kinyume chake. Rimu yako ya zamani, 15x6J, ina kipenyo cha inchi 15 na upana wa inchi 6, na nusu ya upana huo ni milimita 76.2, ukitoa 45, ukingo wake wa nje ulikuwa milimita 31.2 kutoka kwenye uso wa habu. Nusu ya inchi 7 ni milimita 88.9, ukitoa 20 unabaki na 68.9. Kwa hiyo umelisogeza tairi nje kwa takriban milimita 38, ilhali upande wa ndani, ambako hapakuwa na tatizo, umeongeza nafasi ya milimita 12. Spesa ya milimita 15 itaigeuza ET20 yako kuwa ET5, na tairi litakuwa limetoka nje milimita 53 kuliko lilivyokuwa awali.

Kinachonikera zaidi ni imani, ninayokutana nayo hapa Mtwara kila msimu wa korosho fedha zinapoingia mifukoni, kwamba matundu yakilingana rimu imekubali. Matundu hueleza idadi ya bolti na kipenyo cha duara lililopangiwa bolti hizo tu. Hayaelezi ofseti, wala kama tundu la katikati linashika habu ya gari lako au linapwaya, wala kama nati ulizonazo zinakaa sawasawa kwenye rimu hiyo. Toyota nyingi zenye rimu za alumini za kiwandani hutumia nati zenye washa bapa, wakati rimu nyingi za madukani hutaka nati zenye ncha iliyochongoka kama pia. Ukizichanganya, nati hugusa sehemu ndogo tu na hulegea njiani hata kama zilikazwa kwa nguvu zote.

Tairi lililotolewa nje huielemea beringi kama ndoo iliyojaa maji inavyouelemea mkono ulionyooshwa mbali na kifua, na kwa matairi ya mbele hata usukani huanza kuvutwa na kila shimo. Hapo ndipo hufika wale wa njia ya mkato: mmoja anapigapiga fenda kwa nyundo, mwingine anaweka springi ngumu, wa tatu anapanga washa nyuma ya rimu na kuziita spesa. Spesa halali ipo, na hutumika pale tairi linapogusa upande wa ndani. Huchongwa kwa kipande kimoja, hushika habu katikati, na ikiwa nene huwa na bolti zake yenyewe. Bolti za Toyota yako zina unene wa milimita 12, na kila mzunguko mmoja huisogeza nati milimita 1.5, nati isiyozunguka angalau mara 8 kabla ya kukaza haijashika vya kutosha, na spesa ya milimita 15 iliyowekwa juu ya bolti za kiwandani huacha nyuzi chache mno. Anayekuuzia spesa ya aina hiyo bila kuuliza urefu wa bolti zako anakuuzia gurudumu litakalochomoka.

Rudisha rimu za zamani leo, uziuze hizo mpya, kisha utafute 17x7J yenye ofseti ya kati ya 40 na 45. Hata ET45 ya upana huo itaongeza karibu milimita 13 kila upande, kwa hiyo jaribu rimu moja kwanza, gari likiwa na abiria wote ndani, kabla ya kulipia zote nne. Nati zikazwe kwa spana ya kupimia mkazo hadi nyutoni-mita 103, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 80 hadi 100.