Haibridi ikipata joto, uliza kwanza ni mfumo upi

Gari lilianza kuishiwa nguvu katikati ya mlima Kitonga. Tulikuwa tumetoka Dar alfajiri, mama yangu amekaa kiti cha mbele, nyuma kumejaa mizigo ya kupeleka Mafinga. Ruaha Mbuyuni tumepita salama, tukanunua na vitunguu. Kwenye kona za mwanzo za mlima pembetatu nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, na Prius yangu ya mwaka 2008, haibridi inayotumia injini pamoja na mota za umeme, ikawa inatambaa tu huku malori yakinipigia honi kwa nyuma. Nikapata upenyo, nikaegesha pembeni, nikazima.

Baada ya nusu saa hivi nikawasha, likaondoka kama hakuna kilichotokea. Likatufikisha Ilula, na baadaye Iringa mjini, kwa mwendo wa kubembeleza.

Fundi wa kwanza alifungua boneti, akaona rejeta imejaa na feni inazunguka, akatikisa kichwa. "Dada, hii ni betri. Magari haya yakifika umri huu betri inakufa." Bei aliyotaja ilimfanya mama ashike kichwa. Nikamwomba kitu kimoja tu: achomeke mashine anisomee namba ya hitilafu. Hakuwa nayo, ikabidi tuhamie gereji nyingine. Ikasoma P0A93.

Ndugu msomaji, iandike namba hiyo mahali. P0A93 haihusu betri. Maana yake inveta haipozwi vizuri. Inveta ni lile boksi la rangi ya fedha lililo chini ya boneti, linalogeuza umeme wa betri kubwa uende kwenye mota. Linafanya kazi ngumu, nalo hupata joto kali hasa mlimani, mota zinapodai umeme mwingi. Likizidiwa, kompyuta ya gari inapunguza nguvu ili lisiungue. Ndiyo maana ukipumzika kidogo gari linapona, na mlima unaofuata linaumwa tena.

Kinachotupotezea hela wengi ni kudhani haibridi ina mfumo mmoja wa kupoza kama gari la kawaida. Prius ina mitatu. Injini ina maji yake na pampu yake. Inveta na mota za kwenye gia boksi zina kulanti yao (maji maalumu ya kupozea), chupa yao na pampu ndogo ya umeme ya volti 12. Betri kubwa ya nyuma inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni. Kwa mbele unaona rejeta moja, lakini ndani imegawanywa, sehemu ya injini na sehemu ya inveta, na kulanti zake hazichanganyiki. Kwa hiyo upande wa injini unaweza kuwa umejaa vizuri kabisa wakati inveta inaungua.

Kupima pampu ya inveta hakuhitaji utaalamu. Gari likiwa limepoa, fungua kifuniko cha chupa ya inveta, washa gari hadi neno READY (gari liko tayari) litokee kwenye dashibodi, halafu chungulia. Kulanti inatakiwa iwe inacheza, inazunguka kama maji yanayotaka kuchemka. Yangu ilikuwa imetulia tuli kama maji ya mtungini. Fundi akaangalia fyuzi, nzima. Akapima umeme kwenye soketi ya pampu, upo. Basi pampu ndiyo imekufa. Angalieni kwa mpangilio huo huo, maana fyuzi ni bei ya chai na pampu si bei ya chai.

Tulipoifungua nilielewa kilichoiua. Kulanti ya pinki ilikuwa imegeuka rangi ya tope, na ndani ya pampu kulikuwa na ukoko mweupe mgumu. Mtu aliyekuwa nalo kabla yangu alikuwa akijazia maji, na kwa sisi wa Dar maji ya visima mengi yana chumvi. Kulanti ya pinki ya Toyota inauzwa ikiwa imeshachanganywa, haiongezwi maji hata kikombe.

Ukibadilisha pampu, kazi iliyobaki ni kutoa upepo, na hapa ndipo mafundi wengi wanaharakisha. Hewa ikibaki kwenye mfumo, P0A93 inarudi na utaambiwa pampu mpya ni feki. Sisi tulirudia kujaza na kutoa upepo zaidi ya mara tatu, mpaka mapovu yakaisha na sauti ya pampu ikawa nyororo.

Kosa jingine la kuwa macho nalo linatokea wakati wa kubadilisha oili ya gia boksi. Chini yake kuna boliti ya kumwagia oili, na jirani yake ipo ya kulanti ya inveta. Asiyelijua gari anafungua isiyo yake, kulanti inamwagika, na mwenye gari haelewi kwa nini limewaka taa. Ukiona kinachotoka ni cha pinki, msimamishe hapo hapo.

Na tafadhali, asiingize mtu mkono kwenye feni au mikanda gari likiwa READY. Injini ya haibridi inaweza kujiwasha yenyewe bila kuguswa. Zima, na ufunguo uweke mbali. Nyaya nene za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua. Mwachie aliyesomea.

Betri nayo ina yake. Pembeni ya kiti cha nyuma kuna matundu ya kuvutia hewa. Kwenye Prius yapo usawa wa bega, kwenye Aqua, haibridi nyingine ya Toyota, yapo chini karibu na kiti. Wengi wetu tunayaziba kwa mabegi bila kujua. Vumbi na nyuzi za nguo huziba feni, betri inapata joto, na ndipo taa za betri zinapoanza. Isafishe feni kabla hujakubali kununua betri. Na safarini mchana wa jua kali washa kiyoyozi, kwa sababu hewa unayopumua wewe ndiyo inayopoza betri.

Wenye Prius ya kizazi cha tatu, yenye injini ya 1.8, muwe makini na upande wa injini pia. Pampu yake ya maji ni ya umeme, haina mkanda wa kuuona ukikatika. Kulanti ikipungua bila kuvuja popote, na asubuhi injini ikawaka kwa kutetemeka na kugonga, shuku gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Usiendelee kujazia na kuendesha. Dashibodi haina mshale wa joto, taa nyekundu ikiwaka umeshachelewa. Mimi nimenunua kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma joto kwenye simu. Najua injini yangu inakaa karibu na nyuzi 90, na nikiona inapanda kuelekea 105 natafuta pa kuegesha.