Kwa mwalimu wa Sahare: usibonyeze kile kitundu kwanza

Mwalimu, pole sana. Unasema umeme ulikatika Ijumaa jioni na mvua, uliporudi intaneti haikurudi nao. Simu inaiona wifi na inajiunga, ila inakuandikia kwamba hakuna intaneti. Mwezi umeshalipia, na jirani wanapata. Huduma kwa wateja wamekuzimisha na kukuwashisha ruta mara tatu, taa moja nyekundu bado inakukonyeza, na alama za wanafunzi zinatakiwa ziingizwe kwenye mfumo kabla ya Jumatano.

Sasa mchangiaji wa hapo juu amekushauri utafute kijiti cha meno, uingize kwenye kile kitundu cha nyuma, cha kuifutia ruta mipangilio yake yote (reset), uhesabu hadi kumi. Nakuomba, usifanye hivyo kwanza. Mimi nilifanya, nikakaa siku nne bila intaneti kwa tatizo lililohitaji dakika mbili.

Ilikuwa hapa kwangu Ngamiani, hapa hapa Tanga, masika iliyopita. Tulikuwa na arobaini ya mtoto, mama mkwe amekuja kutoka Pangani, nyumba imejaa watu. Usiku wageni wameondoka, nakaa nitazame mpira, hakuna kitu. Nikaenda kwenye ruta: taa ya umeme inawaka, ya wifi inawaka, ile iliyoandikwa PON (ya kuungana na kampuni) inapepesa, na iliyoandikwa LOS (ya kuonya kwamba mwanga wa kampuni haufiki) ni nyekundu. Nikazima, nikawasha. Nikazima tena, nikasubiri, nikawasha. Nikapandwa na hasira. Nikachukua pini ya mtandio ya mke wangu nikabonyeza kitundu mpaka taa zote zikazima na kuwaka upya. Nyekundu ikabaki pale pale.

Asubuhi ndipo nilipopata akili ya kuufuata waya kwa mkono, kuanzia kwenye ruta kwenda ukutani. Ule waya mwembamba wa njano, unene wake kama ufito wa mwavuli, ulikuwa umepita nyuma ya kabati la vyombo. Na kabati halikuwa pale lilipokuwa juzi yake. Lilisogezwa ili mikeka itandikwe, halafu likarudishwa, mguu wake mmoja ukakaa juu ya waya. Haukuwa umekatika. Umejikunja tu, kama pindo la karatasi, kona kali kabisa.

Nilimuuliza mama mkwe kwa adabu zote kama kuna mtu aligusa pale. Akaniambia, "Baba, ule uzi wa njano ulikuwa unaning'inia, nikausukumia nyuma usije ukamkaba mtoto." Utasema nini hapo? Nikamshukuru.

Kilichotokea ni hiki. Ule si waya wa shaba, ndani yake mna uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Mwanga unakwenda kwa kudunda kwenye kingo za ndani za kioo, na ukikipinda kwa kona kali unavujia nje badala ya kuendelea na safari. Kwa macho waya unaonekana mzima, lakini mwanga unaofika ni hafifu mno. Ukiingia kwenye ukurasa wa ruta utakuta sehemu inayoonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa, kwa kipimo cha dBm. Kwangu ilisoma -31. Nilipoinua kabati na kuunyoosha waya polepole, ikapanda hadi -21. Namba zenyewe ni hasi, kwa hiyo 21 ni bora kuliko 31. Vifaa vingi vya nyumbani vikishavuka -27 kwenda chini huanza kuyumba au kupoteza kabisa.

LOS ikazima, PON ikatulia kijani. Nikapiga kelele ya ushindi. Intaneti? Hamna.

Maana usiku ule, kwa pini ya mtandio, nilikuwa nimefuta jina la akaunti na neno la siri ambavyo ruta yangu inavitumia kujitambulisha kwa kampuni. Fundi alivijaza siku ya kufunga, mimi sikuvinakili popote. Kuna kampuni ambazo ruta ikifutwa hujijaza yenyewe kutoka kwao, yangu haikuwa hivyo. Ilibidi nipige simu, nipangiwe fundi, fundi aje siku ya nne, akae dakika tatu, aandike maneno mawili, aondoke. Hasira zangu zote nilitaka kuzimwaga kwa kampuni, nikakumbuka pini. Ndiyo maana nakwambia kitundu kiwe cha mwisho kabisa, na hata hapo uwe umeshawauliza kwamba ukifuta, mipangilio itarudi yenyewe au la.

Turudi kwako. Watu wengi wanasema "wifi imekata" wakimaanisha intaneti imekata, na huduma kwa wateja nao wanajibu hivyo hivyo, mnapoteza nusu saa. Wifi ni kutoka kwenye simu yako hadi kwenye ruta, basi. Ni sawa na koki ya jikoni: inafunguka vizuri tu, lakini maji hayatoki. Simu yako inajiunga, maana yake koki ni nzima. Kama unataka kuhakikisha, geuza ruta uone kibandiko cha chini, kuna anwani kama 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Iandike kwenye kivinjari cha simu ikiwa kwenye wifi. Ukurasa wa ruta ukifunguka, upande wa ndani ya nyumba uko salama, achana nao. Usibadilishe neno la siri la wifi, usiisahaulishe simu mtandao, hayo yote ni kuhangaika na koki.

(Ukikuta kifaa kimejipa anwani inayoanza na 169.254, hapo ni kinyume: kimeomba anwani kwa ruta kikakosa jibu, kikajibatiza chenyewe. Hilo ni tatizo la ndani. Ila kwa maelezo yako silioni.)

Sasa taa nyekundu. Hukuandika ni ipi, na hapo ndipo penye kila kitu. Ruta nyingine zina taa nyekundu kwenye alama ya dunia, ikimaanisha mwanga unafika ila haijakubaliwa kuingia kwenye mtandao. Hilo huwa ni suala la akaunti, malipo hayajasomeka, au mambo ya upande wao. Ikiwa ni LOS, mwanga haufiki, na hakuna malipo wala neno la siri litakalorekebisha. Washa tochi ya simu usome maandishi, mara nyingi yamechapwa madogo mno.

Ikiwa ni LOS, fanya nilichochelewa kufanya mimi. Fuata waya kwa vidole kutoka kwenye ruta hadi kwenye kisanduku cha ukutani, halafu toka nje uutazame kwa macho tu mpaka kwenye nguzo. Mvua ya Ijumaa ilikuja na upepo. Tawi la mwembe likilalia waya, au waya ukilegea ukaning'inia kwenye kona ya bati, umepata jibu. Ule wa nje usiuguse, hasa unapopita karibu na nyaya za umeme. Piga picha tu. Wa ndani unaweza kuchomoa kichwa chake kwenye ruta na kukirudisha mpaka kisikike "tik". Mara nyingi ni kichwa cha kijani. Usikisukumie kwenye tundu la bluu, ncha zake zimekatwa tofauti. Na usichungulie ncha ya waya ukiwa umechomoka. Mwanga wake hauonekani kwa macho ila upo, na jicho halina spea. Ncha usiifute kwa kanga wala kidole, vumbi dogo sana linatosha kuziba njia.

Ila kilichonishtua zaidi kwenye maelezo yako ni umeme. Uzi wa kioo haupitishi umeme, lakini chaja ya ruta inakula moja kwa moja ukutani, na umeme ukirudi kwa kishindo chaja ndiyo hupigwa ya kwanza. Ya dukani kwangu ilikufa nusu. Ruta ilikuwa inawaka, taa zinapanda moja baada ya nyingine kama watu wanaingia msikitini, ikifika ya wifi, pyu, zote chini. Inaanza upya. Niliilaumu ruta wiki nzima. Kumbe chaja ilikuwa bado inatoa umeme wa kuamsha kifaa, ila wifi ilipoanza kurusha, ikataka zaidi, chaja ikazidiwa. Na kabla ya hapo nilishauziwa mtaani nyingine iliyoingia kwenye tundu vizuri kabisa, ya volti 12 sawasawa, lakini ya ampea 0.5 wakati ruta yangu inataka 1.5. Kosa lile lile. Soma kibandiko cha ruta: volti lazima zilingane, ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Kama yako inajizima na kuwaka, au ina joto la kukuchoma kiganja, au inanuka, azima chaja inayolingana kwa jirani kabla ya kununua chochote.

Na kwa kuwa mko karibu na bahari, ukichomoa kichwa cha chaja kitazame. Chumvi ya Sahare haina mchezo. Ndugu yangu aliye Raskazone alikuwa na ruta ya laini ya simu dirishani upande wa bahari ili ishike mnara vizuri, baada ya muda tundu la chaja likaota ukungu wa kijani, ukiligusa inazima. Aliisogeza tu ndani hatua mbili, akasafisha, ikapona.

Kuhusu jirani, umeandika "jirani wanapata" lakini hukusema kama ni kampuni moja. Kauliza. Kama mnatumia kampuni moja, waya unatoka nguzo ile ile na yeye anapata, mara nyingi tatizo liko kati ya nguzo na ruta yako. Kama naye hana, wala usipande juu ya kiti, ni la mtaa. Kuna hata la nchi nzima. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mimi niko juu ya meza na bisibisi nimefungua kisanduku cha ukutani, mke wangu anasoma kwenye simu, kwa kusuasua, kwamba nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zimepata hitilafu na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zimelemaa. Mimi na bisibisi yangu! Tangu hapo, kabla sijagusa chochote nawasha data ya simu ya kampuni tofauti. Na yenyewe ikisuasua, nakaa chini nanywa chai.

Moja dogo kwa wanaosoma ambao taa zao zote ni kijani na bado kurasa hazifunguki: kwenye kompyuta fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike ping 8.8.8.8. Majibu yakija, intaneti unayo, mara nyingi kilichokufa ni DNS, yaani kile kinachogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Ingia kwenye mipangilio uweke 8.8.8.8 au 1.1.1.1 mwenyewe. Na tazameni tarehe ya simu. Kijana wangu aliirudisha nyuma ili adanganye mchezo fulani umpe zawadi ya siku, tovuti zote zenye ulinzi zikamkataa, akaja kunilalamikia wifi.

Mwalimu, ukipiga tena huduma kwa wateja usianze na "intaneti haifanyi kazi", watakurudisha kwenye zima washa. Waambie: LOS ni nyekundu tangu Ijumaa saa fulani, nimekagua waya wa ndani haujapinda, chaja ni nzima, jirani wa nguzo ile ile anapata. Kama umefanikiwa kuingia kwenye ukurasa wa ruta, watajie na ile namba ya dBm. Utasikia sauti inabadilika. Kisha omba namba ya malalamiko, uiandike pamoja na tarehe na saa. Mambo yakikwama huko mbele ukataka kuyapeleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, utaulizwa kwanza kama ulilalamika kwa mtoa huduma, na namba hiyo ndiyo ushahidi wako.

Fundi akija, muombe akuandikie jina la akaunti na neno lake la siri, upige picha, umtumie na mtu mwingine. Mimi yangu nimeibandika ndani ya mlango wa kabati. Kabati lile lile.

Alama za Jumatano ziingize kwa data ya simu, fungua hotspoti uunge kompyuta. Fomu za maandishi hazili bando kubwa, zima tu masasisho ya kompyuta kwanza maana hayo yatakumalizia kabla hujafika darasa la pili. Ukishasoma ile taa kwa tochi, andika hapa ni LOS au ni ya dunia, na kwenye chaja pameandikwa volti na ampea ngapi. Niko hapa mpaka saa nne usiku.