Maswali ya Wasomaji: Mauser, Enfield na Magobore ya Pwani

*Mimi na wenzangu wawili tunafuatilia silaha zilizotumika hapa mjini mwezi Novemba 1914, Wajerumani walipopigana na Waingereza. Kwenye picha za zamani tunashindwa kutenganisha bunduki ya Kijerumani, Mauser, ya 1871 na ile ya 1898. Tuangalie nini kwanza?*
Msomaji, Chumbageni, Tanga

Anzeni na kilengeo cha nyuma. Mauser ya 1898 ina kilengeo kikubwa chenye mashavu mawili ya chuma yaliyopinda juu ya mtutu, hata kwenye picha hafifu kinaonekana. Kisha tazameni mbao. Bunduki ya 1898 ina ubao wa juu unaofunika sehemu ya mtutu mbele ya kilengeo, na shingo ya kitako chake ina kituta kidogo cha kushikia. Ile ya 1871 mtutu wake uko wazi juu na shingo yake imenyooka. Singe nayo husaidia: kwenye 1871 hukaa ubavuni, upande wa kulia wa mtutu, kwenye 1898 hukaa chini.

Mkipata nafasi ya kuiona yenyewe, ipindueni muitazame chini. Mbele ya kikingio cha kifyatulio, 1898 ina bamba la chuma ambalo ndilo sakafu ya magazini ya risasi 5. Ya 1871 ina mbao tupu mahali hapo, kwa sababu inabeba risasi moja tu. Mdomo wa mtutu ni milimita 11 kwa ile ya zamani, na karibu 8 kwa ile mpya.

Tofauti hiyo ilikuwa na uzito vitani. Askari wengi wa Kijerumani waliopigana Tanga walikuwa bado na bunduki ya 1871 inayotumia baruti nyeusi. Kila risasi ilitoa wingu la moshi mweupe lililomwonyesha adui mpigaji amelala wapi. Waingereza walipopanda tena meli zao waliacha ufukweni silaha nyingi. Lettow-Vorbeck, kamanda wa upande wa Wajerumani, aliandika kuwa aliokota bombomu 16 na risasi 600,000, pamoja na bunduki za kisasa za kutosha kombania zaidi ya tatu. Ndiyo maana mkiona picha ya baadaye ya askari wa Kijerumani ameshika Enfield, bunduki ya Waingereza, msidhani maelezo ya picha yamekosewa.

*Kati ya Enfield fupi na Mauser 98, ipi bora?*
Msomaji, Muheza

Kwa kupiga haraka, Enfield. Magazini yake inabeba risasi 10, mkono wa bolti (komeo linalofungia risasi ndani) umekunjwa chini karibu na kifyatulio, na bolti yenyewe inasafiri masafa mafupi. Tena ina urefu wa milimita 1,132 dhidi ya 1,250 za Mauser, na katika mashamba ya mkonge na vichaka vya pwani tofauti hiyo inahisiwa mkononi.

Kwa uimara wa mtambo, Mauser haina mpinzani hapa. Meno yake mawili ya kufungia yako mbele kabisa, jirani na risasi, na jino la tatu liko nyuma kama akiba. Enfield inafunga kwa nyuma. Mauser inajikoki unapoinua mkono wa bolti. Enfield inajikoki unaposukuma bolti mbele.

Udhaifu mkubwa wa Enfield uko kwenye risasi yake. Ganda la .303 lina ukingo unaotokeza nje. Risasi ya juu ikipangwa ukingo wake ukiwa nyuma ya ukingo wa ile ya chini, zinashikana na bolti inakwama. Ukingo wa juu lazima utangulie. Ganda la Mauser halina ukingo huo, hivyo tatizo halipo.

Mkusanyaji alinganishe namba kabla ya kusifia urembo. Kwenye Enfield namba iliyo nyuma ya mkono wa bolti inapaswa kufanana na ya mwili wa bunduki na ya mtutu. Upande wa kulia, chini ya bolti, kuna taji, herufi za mfalme, kiwanda na mwaka. Ukikuta herufi V.R. pamoja na mwaka 1907 au wa baadaye, hiyo ni nakala ya mafundi wa mpakani mwa Pakistani na Afghanistani: Malkia Victoria alifariki Januari 1901. Herufi N iliyogeuzwa ni dalili nyingine ya hao hao.

*Nimeachiwa gobore na marehemu babu. Lina taji na neno TOWER, na kutu imeanza. Nilisafisheje?*
Msomaji, Magomeni, Bagamoyo

Pole kwa msiba. Usianze na kutu. Magobore mengi yaliwekwa darini yakiwa yameshindiliwa, na baruti nyeusi iliyobaki kavu inawaka hata baada ya miaka mingi. Mdomo wa mtutu usiuelekeze kwako wala kwa mtu, na usiweke fataki, kile kikofia cha kuwashia baruti. Ingiza kijiti cha mbao taratibu kutoka pembeni mpaka kigote, bila kukigonga, weka alama kwenye mdomo, kisha kitoe na ukilaze nje ya mtutu. Ncha yake ifike karibu na tundu la moto. Ikiishia vidole vitatu au vinne kabla, kuna kitu ndani. Usichokonoe, liache lilipo uite polisi.

Hata likiwa tupu, gobore ni silaha kisheria, na leseni ya marehemu haigeuki kuwa yako. Toa taarifa kituo cha polisi, ueleze limetoka wapi, usubiri maelekezo kabla ya kulisafirisha. Ukikabidhi mwenyewe kwa wakati unabaki na heshima yako, na kama linafaa kuhifadhiwa makumbusho, hapo ndipo pa kulizungumzia.

Neno TOWER lisikudanganye. Lilipigwa pia kwenye bunduki za biashara zilizouzwa pwani, nyingi zikitoka Liège, Ubelgiji. Tafuta upande wa kushoto wa mtutu duara la yai lenye herufi ELG na nyota. Likiwa na taji juu yake, mtutu ulikaguliwa 1893 au baadaye; bila taji, ni kabla ya hapo. Tazama na bamba la mtambo: vitundu vya skrubu vilivyozibwa vinaonyesha kuwa lilikuwa gumegume, la kuwashwa kwa jiwe la cheche, kabla ya kugeuzwa kuwa la fataki. Vitundu hivyo ni historia, usiviguse.

Sasa kutu, likisharuhusiwa kukaa kwako. Ile ya kahawia, ngumu na iliyotandaa sawasawa, iache. Ile ya rangi ya chungwa inayochafua kidole ndiyo inayokula chuma. Ipake mafuta ya cherehani, iache siku mbili, kisha ikwangue kwa ubanzi wa mwanzi na kitambaa cha pamba. Ikigoma, tumia sufi ya chuma namba 0000 yenye mafuta, mbali na alama. Msasa ni marufuku: alama hizo kina chake ni kidogo mno, na zikifutika limebaki bomba. Malizia na nta nyembamba.

Mafuta ya nazi, ambayo wengi wetu tunayo jikoni, hayafai. Yanachacha, yanaganda kwenye mtambo kukiwa na baridi, na asidi yake inaweza kushambulia chuma. Ala ya ngozi nayo inatunza unyevu. Vaa glavu za pamba, maana jasho lina chumvi, na ulaze mdomo wa mtutu chini kidogo ili mafuta yasishuke kwenye shingo ya kitako na kuozesha mbao.

*Wakati wa kulima tumefukua risasi za zamani zenye ukijani. Tunaweza kuziosha tuziweke kabatini?*
Msomaji, Pangani

Hapana. Fataki ya kitako cha risasi inaweza kuwa hai bado, na kusugua ndiko kunakoiamsha. Weka kijiti chenye kitambaa mahali hapo, wazuie watoto, simamisha jembe, umpigie mwenyekiti wa kijiji na polisi. Kikiwa kitu kinene kuliko mkono, rudini nyuma wote kwa njia ileile mliyoingilia.