Darasa la tisa, waachieni Romeo

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: mtoto wa darasa la tisa, hasa mtoto wa mhamiaji, anapata faida gani kusomeshwa tamthilia za kale za Kiingereza kwa Kiingereza kile kile cha zamani? Na kama ni kuchagua moja, tungechagua ipi?

Najibu nikiwa ndani ya darasa lenyewe. Mimi ni msaidizi wa lugha katika sekondari moja ya Kentucky, jimbo ambalo Wakongomani wengi wanaozungumza Kiswahili wamepewa makazi, na kila mwaka huwa naingia pamoja na mwalimu wa Kiingereza kwenye Romeo and Juliet, tamthilia ya Shakespeare ya vijana wawili wapendanao ambao nyumba zao ni maadui. Marekani haina mtaala mmoja wa taifa. Majimbo na wilaya za elimu hujipangia. Hata hivyo, muulize mtu mzima wa huku alisoma nini darasa la tisa, na kuna uwezekano mkubwa atakutajia hiyo hiyo.

Jibu langu ni kwamba waachiwe, tena kwa lugha yake. Siyasemi haya kwa sababu ya urithi wa dunia na maneno makubwa ya namna hiyo. Nina sababu ndogo zaidi, ya pale pale kwenye madawati. Katika masomo mengi, mtoto aliyekulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyoko Tanzania, anakaa jirani na mtoto aliyezaliwa hapa, na kila anayepita anaona nani anakijua Kiingereza na nani anakitafuta. Siku tunapofungua Romeo and Juliet, pengo hilo linapungua ghafla. Mtoto wa Kimarekani anasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu anakwama, anainua uso kana kwamba amedanganywa. Hiki ni Kiingereza gani? Yule wa Nyarugusu naye amekwama, ila yeye kukwama amekuzoea. Anajua kukisia maana kwa kutazama nani anamwambia nani na kwa hasira gani. Anajua kuruka neno asilolielewa na kuendelea bila aibu. Mwenzake hajawahi kuuhitaji ujuzi huo, na sasa anauhitaji. Nimeona mara kadhaa mtoto wa hapa akimgeukia jirani yake Mkongomani na kumuuliza, "Hapa wanagombana au wanataniana?" Akajibiwa, na jibu likawa sahihi.

Kuhusu hoja ya ukoloni, kwamba kumsomesha Shakespeare ni kuendelea kuwatumikia Waingereza, sitakaa nayo sana. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar, tamthilia nyingine ya Shakespeare, mwaka 1963, akiwa tayari Rais wa nchi, akaitengeneza upya, na mwaka 1969 akaongeza Mabepari wa Venisi. Sidhani kuna anayemshuku kwamba alikuwa akiwafanyia kazi Waingereza.

Hoja iliyo nzito ni ile ya ugumu. Mtoto hawezi kupelekwa nyumbani na kurasa 20 za Shakespeare, asome peke yake jikoni huku wadogo zake wanapiga kelele, kesho alete majibu. Hata mwenye Kiingereza chake hawezi. Kwa hiyo darasani kwetu hakuna kusoma nyumbani. Kabla ya kila onyesho nawasimulia wangu kwa Kiswahili yatakayotokea, yote, pamoja na nani anakufa. Mwalimu mmoja mgeni aliwahi kuniambia naharibu utamu. Lakini Shakespeare mwenyewe hakuuficha mwisho: utangulizi wa tamthilia ni mistari 14, na ndani yake mtazamaji anaambiwa kwamba wapenzi hawa watakufa na kwamba kifo chao ndicho kitakachozika uhasama wa wazazi. Aliyeingia ukumbini London miaka ya 1590 alijua mwisho kabla hajapata pa kusimama. Alikuja kuona wanafikaje huko.

Baada ya hapo tunasimama. Madawati yanasukumwa ukutani, watu wanasoma kwa sauti, na kosa la matamshi halisahihishwi. Ugomvi wa kwanza, wa watumishi wa nyumba mbili, pale mmoja anapojiuma kidole gumba barabarani mbele ya wenzake kama tusi, unawachukua dakika kumi na hauhitaji maelezo. Vijana wa miaka 14 wanaujua uchokozi wa kutukana halafu ukasema sikukusudia wewe. (Matusi mengine ya watumishi wale ni ya chumbani. Vitabu vingi vya shule viliyakata zamani. Sisi tunayapita kimya kimya, na wanafunzi wanayagundua wenyewe, na siku hiyo ndiyo nawaona wakisoma kwa bidii kuliko siku zote.)

Wanafunzi wangu wa Kiswahili hushangaa kuona kwamba Romeo na Juliet wanapokutana karamuni kwa mara ya kwanza, mazungumzo yao ni shairi. Romeo anatoa mistari minne, Juliet anamjibu kwa minne, kisha wanagawana iliyobaki, wakati mwingine mstari mmoja mmoja, mpaka inatimia 14 na vina vimekaa mahali pake, ndipo wanabusiana. Kwa aliyelelewa na kujibizana kwa beti, msichana huyu haonekani mtoto aliyeduwaa. Ametupiwa ubeti, ameurudisha kwa vina na mizani, tena kwa kumtania kidogo mwenzake. Mmarekani anahitaji kuelezwa kwamba hiyo ni sifa. Wangu hawahitaji.

Lakini mahali ninapotaka wasomaji mkae nami kidogo ni kwa mzee Capulet, babake Juliet. Filamu zimetuzoesha kumwona jeuri tangu mwanzo. Kitabuni si hivyo. Kijana tajiri Paris anapokuja kuposa, Capulet anamwambia binti bado mdogo, hajatimiza 14, acha majira mawili ya kiangazi yapite. Anamwambia pia akaupate moyo wa binti kwanza, maana ridhaa ya baba ni sehemu tu. Hiyo ni Jumapili. Jumatatu mchana Tybalt, mpwa wa mkewe, anauawa mtaani na Romeo. Jumatatu usiku huo huo, nyumba ina msiba, Capulet anakaa na Paris na ghafla anaitoa ile harusi. Anauliza leo siku gani. Jumatatu. Basi Jumatano. Hapana, Jumatano ni mapema mno, iwe Alhamisi. Alfajiri ya Jumanne Juliet anakataa, na baba yule yule aliyesema tungoje miaka miwili anamwambia akajinyonge, akaombe, afe njaa barabarani.

Darasa hugawanyika hapo. Wamarekani wengi wanasema huyu ni mzazi wa kushtakiwa, wanataja na ofisi inayopokea mashtaka hayo. Msichana mmoja kutoka Uvira, mji wa Kongo, mkimya sana, ambaye kwa kawaida huninong'oneza tu, alisema kwa sauti: "Mwalimu, huyu baba haiko mubaya, iko na haraka tu." Nikawatafsiria wenzake. Kijana mmoja akabisha kwamba haraka ikishamtupa mtoto nje ya nyumba basi ni ubaya. Wakabishana mpaka kengele ikalia, na kesho yake mwalimu akawarudisha kwenye maandishi watafute ushahidi.

Na ushahidi wa yule msichana upo. Jumanne Juliet, ambaye tayari ameolewa na Romeo kwa siri, anatoka kwa Padri Laurence aliyewafungisha ndoa, na mpango wa dawa itakayomlaza kama maiti kwa saa 42. Ainywe Jumatano usiku, harusi ikiwa Alhamisi, na barua iwahi kumfikia Romeo uhamishoni huko Mantua. Anarudi nyumbani, anajifanya ametubu, anapiga magoti. Baba anafurahi kupita kiasi. Kwa furaha hiyo anairudisha harusi nyuma siku moja, iwe kesho, Jumatano. Mkewe anamwambia hata chakula hakitatosha, tungoje Alhamisi. Hasikii. Juliet inambidi anywe dawa usiku ule ule, na mpango mzima unapungukiwa siku. Barua nayo haifiki, kwa sababu mtawa aliyetumwa amefungiwa kwenye nyumba iliyoshukiwa kuwa na tauni, milango imepigwa lakiri. Watoto waliokuwa na miaka tisa mwaka 2020 hawakuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Padri Laurence alikwishamwonya Romeo mapema kwamba wakimbiao ndio wajikwaao. Tulipofika hapo wangu watatu walisema kwa pamoja, "Mwenda pole hajikwai," mwalimu akataka kujua wanacheka nini.

Na umri wa Juliet ni jambo la kuzungumzwa wazi, lisipitwe. Arthur Brooke, ambaye utenzi wake wa 1562 ndio Shakespeare alioufuata, alimpa msichana miaka 16. Shakespeare akaupunguza, na mama wa Juliet anasema yeye mwenyewe alikuwa ameshazaa katika umri kama huo. Ukisoma hayo mbele ya wasichana wa miaka 14, huwezi kusema hizo ni habari za Verona tu, mji wa tamthilia hii. Kentucky hii hii ilipiga marufuku ndoa chini ya miaka 17 mwaka 2018 tu, na mwenye 17 sharti apate idhini ya hakimu. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba hilo linakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Niliwaeleza hayo darasani. Wamarekani walishangaa zaidi habari za jimbo lao kuliko za kwangu.

Kinachoniudhi ni vile vitabu vya kurasa mbili mbili, upande huu maandishi yenyewe, upande wa pili Kiingereza cha leo. Mtoto mgeni akipewa hicho, jicho lake halivuki tena kwenda upande wa Shakespeare, na kilichobaki mkononi mwake ni kisa cha vijana wawili wapumbavu. Tena Kiingereza cha upande wa pili kinamrudisha pale pale alipokuwa nyuma ya wenzake. Afadhali maonyesho sita kwa lugha yake, yaliyosimamiwa na kusemwa, na mengine yasimuliwe kwa mdomo. Kufuata kila onyesho tangu mwanzo hadi mwisho ni kuwachosha bure.

Sasa swali la pili. Macbeth ndiyo tanzia fupi kuliko zote za Shakespeare, ina wachawi na damu, na walimu wengi wangeichagua kwa sababu hiyo. Mimi ningeiweka darasa la kumi. Julius Caesar inadai mtu ajue kwanza Roma na siasa zake, na kwa wasichana haina sehemu za kutosha. Kwa darasa la tisa nabaki na Romeo and Juliet, na nikipewa vipindi vichache kuliko kawaida, kama mwaka huu tulivyopewa, vyote navipeleka kwa mzee Capulet: tangu "tungoje miaka miwili" hadi Jumatano.