Mlio wa nyuma: anza na cheni

Ndugu, umesema pikipiki inalia "kwii" nyuma na mlio unapanda na mwendo. Usifungue injini bado. Izime kabisa (cheni inayotembea hukata vidole), inua gurudumu la nyuma, weka gia huru, kisha lizungushe kwa mkono ukisikiliza.

Mara nyingi ni cheni kavu. Isafishe kwa mafuta ya taa, ipake oili upande wa ndani. Pima na mlegeo wake kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako, maana iliyokazwa mno hulia na kuua beringi. Ikikaza hapa na kulegea pale, imechakaa. Badilisha pamoja na sproketi zote mbili (magurudumu yenye meno yanayoshika cheni).

Bado inalia? Vua cheni, zungusha gurudumu tena. Mlio ukiendelea, kagua breki na beringi za gurudumu.