Dawa ya majani na mbegu zisizoota

Suali: Asalaam aleykum. Mimi mkulima wa Wete, n'lipiga dawa ya kuulia majani halafu nkapanda mchicha na tungule, imetoka miche miwili mitatu tu tena ya manjano. Ntajuaje kama ni dawa au mbegu mbovu?

Jibu: Waaleykum salaam ndugu yetu, pole sana. Usipande tena kwanza, jaribu kwenye makopo. Chukua udongo wa hapo ulipopiga dawa na mwengine wa aina ile ile ambao haujaguswa, makopo manne manne yaliyotobolewa chini, kila kopo mbegu tano za paketi moja, maji sawa jua sawa. Maabara nao ndo wanavofanya, muongozo nambari 208 wa OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, wa kupima mbegu zinavoota na kukua, unataka kwenye udongo safi ziote angalau asilimia 70, zikipungua hapo jaribio halihesabiki, basi na wewe shuku mbegu. Nusu ya za udongo safi zikishatoka hesabu siku 14 mpaka 21, halafu linganisha urefu na rangi ya majani. Usitazame kuota tu jamani, mche unaweza kutoka vizuri kisha ukadumaa, wengi wanakosea hapa. Na mchicha na tungule usichanganye kopo moja, dawa inayoua huu yaweza isiuguse ule.